Tumbusi Asiye na Manyoya

Kabula mwanangu, binti wa Tumbusi,

Usicheke mwandiko. Mwandiko huu ndio ulionifelisha darasa la saba. Majibu niliyajua yote, ila msahihishaji alishindwa kuyasoma. Hivyo ndivyo ninavyoamini mpaka leo, na nakuomba na wewe uamini hivyo hivyo, kwa heshima ya baba yako.

Sasa hivi uko kwa Mama Nyanzala unasukwa. Najua hutarudi kabla jua halijazama, maana pale kusuka ni kidogo, maneno ndiyo mengi. Nimefunga banda mapema. Kuna jamaa kaleta pikipiki inakohoa, nimemwambia arudi kesho kutwa, fundi leo ana kazi ya ofisi. Kaangalia kalamu mkononi mwangu, kaniangalia mimi, kaondoka bila kubisha. Kumbe kalamu ina heshima kuliko spana! Ningejua mapema.

Mambo ya blanketi, sabuni, chakula cha kwenye treni na wanaume, mama yako ameshakueleza. Ya wanaume amekueleza mara mbili, nilikuwa nasikia. Mimi hayo nayapita. Hata kuruka kwenyewe siji kukufundisha hapa. Unakwenda chuoni, kuna watu wenye vyeti ukutani watakuonyesha kindege kile chepesi: bawa la kitambaa juu, viti viwili vimefuatana kama bodaboda na abiria wake, injini mgongoni, pangaboi linasukuma kutoka nyuma. Watakufundisha vizuri. Hawatakuwa na sura kama yangu, lakini dunia haitoi vyote kwa mtu mmoja.

Nina jambo moja ambalo wao hawana. Mwezi huu nimejaribu kukwambia mara tatu. Mara ya kwanza alikuja mteja. Mara ya pili nilijifanya nimesahau. Mara ya tatu nilikuita kabisa, ukakaa, nikakohoa, nikakohoa tena, ukaniuliza, "Baba unaumwa?" Nikasema ndiyo. Ukaenda kuniletea dawa, na mimi nikaimeza nikiwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Ndiyo maana naandika. Karatasi haiulizi kama naumwa.

Hadithi ya tumbusi unaijua. Nani hapa Sitalike haijui? Sijawahi kumkuta asiyeijua. Kwamba Masanja, kijana wa miaka ishirini na nne, fundi wa pikipiki aliyefundishwa kuruka na Kapteni, alipaa asubuhi moja ya kiangazi na shemeji yake Luhende, mjomba wako, kutafuta ng'ombe wa babu yako waliopotea. Kwamba tumbusi mkubwa kama mbuzi aliingia kwenye pangaboi, pangaboi likavunjika. Kwamba Masanja, badala ya kuanguka kama gunia, aligeuza kindege kisicho na injini huko huko angani, akakirudisha uwanjani mbele ya macho ya mkwe wake. Mjomba akavunjika mguu, lakini roho mbili zikapona. Ndipo nikaitwa Tumbusi. Ndipo na wewe shuleni ukaitwa mtoto wa Tumbusi, ukapiga watoto wawili, mwalimu akaniagiza nikuchape fimbo, mimi nikakununulia soda.

Kabula, tumbusi hakuwepo.

Haya. Nimeandika. Ngoja nipumzike kidogo, mkono umekuwa mzito kama nimefungua gurudumu la lori.

Nianze na Kapteni, maana ulimwona ukiwa mdogo na sijui unakumbuka nini zaidi ya pipi zake. Alikuwa rubani mstaafu, mfupi, mkali, anaongea taratibu kama mtu aliyegawiwa maneno ya kutumia kwa mwezi. Aliletwa na wenye kambi moja ndogo ya watalii pembeni mwa hifadhi, aruke na kindege chake kuangalia moto wa nyika na tembo wanaosogelea mashamba ya watu. Siku moja injini ilimgomea, wakamtafutia fundi. Wakamleta kijana wa Majimoto mwenye spana tatu na mdomo mrefu. Ile injini ilikuwa inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, sawasawa na pikipiki za zamani. Nikafungua plagi, nikaisugua, nikairudisha, ikaita. Nikamwambia, "Mzee, hiki ni pikipiki tu, ila kina kiburi." Hakucheka. Akaniuliza, "Unataka kujua kiburi kinafanyaje kazi?" Nikahamia Sitalike na mama yako na wewe mgongoni mwake.

Na nilijua, mwanangu. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa kujisifu. Ndani ya mwaka na nusu niliweza kusoma upepo kwa kuangalia moshi wa jiko la mtu, kile kitu nilichokufundisha ukiwa na miaka saba ukadhani ni mchezo. Nilijua kwamba asubuhi hewa imelala, na ikifika saa tano ardhi iliyoungua inaanza kusukuma kindege juu kama maji yanayochemka yanavyosukuma mfuniko, kwa hiyo mtu mwenye akili anakuwa ameshatua anakunywa chai. Siku ya kwanza kuruka peke yangu nilipita chini chini juu ya daraja la Sitalike, nikawapungia mkono waliokuwa wanaangalia viboko. Viboko wakazama, watu wakashangilia. Kapteni akanisubiri uwanjani, akanizungusha kindege kile mara arobaini juani, nakigusa kila mahali, bila maji.

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake: kuzunguka. Unaanzia kwenye pua. Unakwenda mkono wa kulia, unagusa kila waya, kila boliti, kila pini, kila kijiti cha bawa, tairi, tanki, pangaboi, unatoka upande wa pili mpaka unarudi kwenye pua. Kugusa kwa mkono. Macho yanadanganya, alisema, macho yanaona kile yalichozoea. Na ukikatizwa, hata na nzi, unarudi kwenye pua unaanza upya.

Nilimwambia, "Lakini Kapteni, mimi nakumbuka nilipoishia."

Akasema, "Kila mtu anakumbuka alipoishia, Masanja. Nenda kawaulize walioko makaburini."

Sasa ile asubuhi. Kapteni alikuwa amekwenda Mpanda mjini kufuata spea. Ruhusa yangu ilikuwa ya kuruka peke yangu, abiria hapana, mpaka yeye aseme. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu. Nilikuwa nakiandaa kindege niende kuangalia moto upande wa magharibi. Nilikuwa nimeshazunguka nusu. Nimefika kwenye tanki, lile lililo nyuma ya kiti cha abiria, mbele kidogo tu ya pangaboi. Nimemimina petroli kwa faneli yenye kitambaa cha kuchujia, nimetoa faneli, na kifuniko cha tanki, chekundu, cha kusokota, kiko kwenye mkono wangu wa kushoto.

Nikasikia nyuma yangu, "Masanja, mwanangu."

Babu yako Ng'wandu. Baba mkwe wangu. Ametembea tangu alfajiri, fimbo mkononi, koti lake lile la kijeshi, na nyuma yake mjomba Luhende.

Wewe unajua kwetu ilivyo. Baba mkwe hasalimiwi umesimama kama mlingoti, wala hasalimiwi ukiwa na kitu mkononi. Unaweka ulichoshika, unachuchumaa, unapiga makofi ya taratibu, unasubiri akuulize ya nyumbani mpaka yaishe. Na huyu ni mzee ambaye alinipa binti yake wakati nina spana tatu. Hata ningekuwa nimeshika yai la dhahabu ningeliweka.

Nilikiweka kifuniko juu ya mdomo wa tanki. Sikukisokota. Nilikikalisha tu, kama mtu anavyofunika sufuria ili nzi wasiingie. Nikachuchumaa.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, baba. Ameanza kuuliza maswali mengi kuliko polisi."

"Na mama yake?"

"Yupo, baba, mzima."

Akavuta pumzi. Mzee yule hakuwa mtu wa kuomba. "Ng'ombe kumi na wanane, Masanja. Tangu jana wameelekea hifadhini. Wakivuka mpaka wakakamatwa mle ndani, mimi sina changu tena. Nimesikia hicho kitu chako kinaona mbali."

Kabla sijajibu, Luhende akaanza. Unamjua mjomba wako alivyo leo, mpole, wa kukaa. Wakati ule hakuwa hivyo. Alikuwa mcheza ngoma, Kabula, mchezaji ambaye vijiji viwili viligombana kwa ajili yake. Akiingia uwanjani vumbi lilisahau kutua. Akanizungukia akiangalia kindege, akasema, "Shemeji, twende basi. Au hiki ni cha kuwafurahisha Wazungu tu?"

"Panda, we mcheza ngoma," nikamwambia. "Ukitapika unaosha mwenyewe."

Mkwe akacheka. Nilipenda sana kicheko kile. Nikainuka kutoka kuchuchumaa, na miguu yangu ikanipeleka kwenye pangaboi, kwa sababu kichwani nilikuwa nakumbuka nimemaliza tanki. Nilikuwa naona kabisa nimelimaliza. Na ukiangalia kwa mbali kifuniko kimefungwa. Ukiangalia kwa karibu pia kimefungwa. Mkono tu ndio ungejua, na mkono wangu ulikuwa umetoka kupiga makofi.

Tulipaa vizuri. Lazima niseme, kupaa kwangu kulikuwa kuzuri siku zote. Mkwe anakuwa mdogo chini, amekinga jua kwa mkono. Tumefika mwisho wa uwanja, juu kama miti minne ya mvumo ukiipanga mmoja juu ya mwingine, nikasikia paa! Kindege kizima kikaanza kutetemeka kama mtu wa homa ya baridi. Luhende akapiga kelele nyuma yangu, "Shemeji, nini hicho?" Nikazima injini kabla haijang'oka.

Kimya. Kimya ambacho sijawahi kukisikia tena. Na ndani ya kimya kile nikasikia kengele za ng'ombe, upande wa kushoto, kwenye miti. Walikuwa pale pale karibu, wanakula zao. Jioni ile walirudi nyumbani wenyewe, wote kumi na wanane.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo wanaponisifia.

Mbele yangu kulikuwa na mbuga iliyoungua wiki moja nyuma, nyeusi, tambarare kama kaniki iliyotandikwa. Kapteni alikuwa ameninyooshea kidole mbuga ile mara nyingi mpaka nilichoka. Injini ikizima hapa, unashusha pua, unatua pale mbele. Hugeuki. Ukigeuka ukiwa chini namna hii unapoteza mwendo, na kinachokushikilia angani ni mwendo, sio bawa. Nikavuta bomba la kuongozea kifuani, pua ikashuka, mwendo ukapatikana. Mpaka hapo nilikuwa rubani. Ningetua, tungeshuka, tungekojoa, tungerudi kwa miguu tukitukanana.

Halafu nikakumbuka mkwe amesimama kule nyuma anaangalia.

Sikutaka anione natembea kutoka kwenye majivu. Nilitaka nitue mbele yake. Nikageuka. Kindege kikageuka kweli, na kwa muda mfupi nilijisikia mfalme. Kisha bawa la kushoto likalegea mkononi mwangu, kama mtu uliyemshika anapozimia, na tukashuka kwa ubavu kwenye ukingo wa uwanja. Mimi nilichubuka kiwiko. Mguu wa kushoto wa Luhende ulibanwa chini ya bomba la fremu.

Mkwe alifika akikimbia, mzee yule, fimbo ameitupa. Alinikumbatia mimi kwanza. Akalia, akasema, "Umenirudishia mtoto." Watu wa kambi wakaja, wanauliza kimetokea nini. Na Luhende, amelala pale, jasho linamtoka, meno ameyauma, ndiye aliyesema, "Kuna kitu kilitugonga. Ni tumbusi, eh shemeji? Wapo wengi hapa. Ni tumbusi?"

Nikasema, "Ndiyo."

Uongo wangu wote ulikuwa neno hilo moja. Mengine yalijijenga yenyewe. Mwaka wa kwanza tumbusi alikuwa wa kawaida. Mwaka wa pili alikuwa na kucha. Siku hizi ana ukubwa wa mbuzi, na nimesikia kwa masikio yangu kijana wa bodaboda akiwasimulia wageni kwamba walikuwa wawili.

Kapteni alirudi jioni. Hakugomba. Alichuchumaa kwenye pangaboi lililovunjika muda mrefu.

"Manyoya yako wapi, Masanja?"

"Upepo, Kapteni. Umeyapeleka."

"Na damu?"

Nikajifanya naangalia kiwiko changu kilichochubuka.

"Na kifuniko cha tanki?"

"Kiliruka tulipogonga chini."

Akapitisha kidole kwenye ubao wa pangaboi. Palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. "Tumbusi wako alikuwa mwekundu," akasema. Akachukua helmeti yangu, akaitundika kwenye msumari pale kwenye kibanda cha mafuta. "Siku utakayoniletea unyoya mmoja wa huyo ndege, au neno moja la kweli, njoo uichukue."

Waliokuja kuandika taarifa niliwaambia tumbusi. Kapteni akawaambia alichokiona kwenye pangaboi, lakini wao walishaandika tumbusi, hawakumuuliza zaidi. Siku ya nne nilitembea peke yangu kule mwisho wa uwanja, kwenye majivu. Kitu chekundu kwenye majivu hakijifichi. Nusu ya kifuniko. Nikakitia mfukoni.

Helmeti ilikaa kwenye msumari mpaka Kapteni alipohama. Sijaruka tena. Uliniuliza ukiwa mdogo, "Baba, mbona wewe huruki?" nikakujibu mama yako amenikataza. Mama yako hajawahi kunikataza kitu cha maana maishani, zaidi ya kuimba. Amebeba lawama hiyo bure miaka yote hii. Na yeye nitamwambia, ila nimeona nianze na wewe kwa sababu wewe hutupi vyombo.

Unaona sasa kwa nini nilisema walimu wako hawana jambo hili? Watakwambia usiache kitu legelege mbele ya pangaboi: kofia, glavu, simu, chochote. Utaandika kwenye daftari. Watakwambia ukikatizwa anza upya. Utaandika, utapata alama zote, maana kichwa umechukua kwangu. Lakini hawatajua atakayekukatiza ni nani. Wao wanadhani ni simu, au mvua. Mimi nilikuwa nawaogopa tembo, umeme wa radi, tumbusi wenyewe. Kilichonimaliza kilikuja na fimbo na koti la kijeshi kikaniita mwanangu. Mzee hakuwa na kosa hata la punje. Alisalimia kama anavyosalimia mtu mwenye adabu, na mimi niliitikia kama nilivyolelewa. Kosa langu ni kwamba baada ya kuinuka sikurudi kwenye pua. Niliona aibu. Niliona mkwe atasema, huyu kijana hata kazi yake haijui, anaanza anaanza tena.

Na wewe ni mtoto wa kike, Kabula. Utakuja kuruka hapa kwetu, juu ya Kibaoni, juu ya Majimoto, na watu watafurika uwanjani kumwona binti wa Masanja. Shangazi zako watakuja. Wazee watakuja, na watataka upige magoti uwasalimie kwanza, na watakuwa na haki. Utakuwa umeshika pini mkononi. Waambie, "Shikamooni, nawaomba mnisubiri," kisha geuka, maliza. Wapo watakaosema binti wa Masanja elimu imempanda kichwani. Waache waseme. Salamu ikichelewa inaombewa radhi, mzee anapewa kiti na soda, yanaisha. Na kama umeshaitikia, basi ukishainuka rudi kwenye pua hata kama umebakiza tairi moja. Hata kama wanakucheka. Mimi niliogopa kuchekwa kwa dakika kumi, nikapigiwa makofi miaka kumi na tano. Makofi ni mabaya zaidi, nimeyapima yote mawili.

Na siku injini itakapozima, maana itazima, injini ni injini, usitafute nani anaangalia. Tua mbele yako. Tua kwenye majivu, kwenye mpunga, kwenye mavi ya ng'ombe. Uje nyumbani kwa miguu umechafuka, nitakutania mpaka unune, na nitakupikia mwenyewe.

Nimalizie na mjomba wako.

Mguu ulipona mfupi. Hakucheza tena. Kutembea na ng'ombe mbali hakuweza, akashuka Majimoto kulima mpunga, na kila mavuno, unajua, anatuletea gunia la mchele. Umekua kwa mchele ule. Uliwahi kujiuliza kwa nini anatuletea sisi, wakati ana ndugu wenye shida kuliko sisi? Ni shukrani. Ananishukuru mimi kwa kumrudisha hai. Babu yako naye alikufa akinishukuru; kwenye kila shughuli ya ukoo alinisimamisha, "Huyu mkwe wangu alimtoa mwanangu angani," na mimi nilisimama. Nimejisifia mengi ya uongo maishani na sijutii hata moja, isipokuwa lile ambalo sikujisifia mwenyewe, nililoacha wengine wanisifie.

Zile habari zako za kuchaguliwa zilipokuja, wale wa mradi wa kuhesabu wanyama walipoandika kwamba watakusomesha, nilishangilia kama kawaida yangu, nikanunulia watu vinywaji. Usiku sikulala. Kesho yake nikampigia Kapteni. Ni mzee sana sasa, sauti imekuwa nyembamba, lakini maneno bado anayatoa kwa kipimo.

"Kapteni, ni Masanja. Nilikiweka juu ya tanki bila kukisokota."

Hakuniuliza ni nini, wala lini.

"Nani alikukatiza?"

"Mkwe."

Akacheka, mwanangu! Akacheka mpaka akakohoa. "Mkwe," akasema. "Miaka yote nilidhani ni mwanamke." Kisha akaacha kucheka. "Mimi sikuvunjika chochote, Masanja. Mbona unaniambia mimi? Mwambie mwenye mguu."

Nikamshukuru, nikakata simu. Nimekuwa fundi mwoga tangu siku ile, nafungua pikipiki za watu na kuzifunga, nawaza namna ya kumwambia mtu kwamba ngoma yako niliila mimi. Sijapata namna nzuri. Nadhani haipo.

Ndani ya bahasha utakuta kipande chekundu cha plastiki, nusu duara, kimekatwa kama kwa panga. Sio hirizi, usianze kunicheka. Kifunge kwenye begi lako la kurukia, mahali ambapo mkono unapita. Wenzako wakikuuliza, waambie ni unyoya wa tumbusi, baba yako kauokota.

Kesho Luhende anakuja na basi kutoka Majimoto kukusindikiza. Kasema atatukuta stesheni pale Mpanda, na gunia lake, la kwako safari hii, eti ukapikie wenzako huko wajue mchele ni nini. Atalishusha, atanipa mkono, ataniita shemeji kama anavyoniita. Sitalipokea gunia lile kabla sijamwambia. Naandika hapa ili nisipate pa kukimbilia, maana wewe utakuwa umeshasoma na utakuwa unaniangalia.

Sijui atafanya nini. Anaweza kunipiga na ile fimbo yake. Mkono ule haukuvunjika. Anaweza kuondoka na mchele wake. Kwa hiyo ukituona pembeni, karibu na mabehewa, mimi nimechuchumaa mbele yake mikono mitupu kama mtu anayemsalimia mkwe, usije. Hata treni ikipiga honi usije kuniaga. Kagua mizigo yako, anzia mwanzo, panda ukae dirishani. Niache nimalize hili kwanza. Nikikatizwa hapo, najijua, nitainuka na kusema tumbusi.

Baba yako,
Masanja, ambaye hajawahi kugongwa na ndege yeyote.